Petroli ya Kiporo na Moshi wa Udi

Mimi ni mwoga, na nyie vijana wa gereji ninawaandikia kama mwoga. Miaka yote niliyoshika spana, kwanza Temeke na baadaye Mwananyamala, sikuwahi kukabidhi gari la mtu nikalala kwa amani. Nilikuwa naondoka nyumbani kabla ya chai kwenda kuchungulia uvunguni mwa gari la mteja kama kuna tone limedondoka. Mke wangu alikuwa akinicheka. Alisema wenzake wameolewa na mafundi, yeye ameolewa na mlinzi.

Sasa nimestaafu, na magari yenu yana akili kuliko sisi. Mnachomeka kifaa, simu inawaambia gari linaumwa nini. Sina ugomvi na hilo, natamani ningekuwa nacho enzi zangu, pengine nisingeota mvi mapema. Lakini magari ya kabureta hayajaisha mjini. Yamefunikwa maturubai nyuma ya nyumba za watu, Mwananyamala, Wazo, mpaka Kibamba kule. Hayatembei, yanatunzwa. Baba aliyanunua, baba amekufa, hakuna anayethubutu kuyauza. Siku moja mwenye nalo atakuja kwenu na maneno yale yale: "Fundi, likiwa nyumbani linawaka vizuri tu, ila likiingia barabarani linazima." Akisema hivyo msikimbilie plagi. Msikimbilie betri. Gari hilo lina njaa, halipati mafuta.

Watu hawaamini kwamba petroli inaoza. Wali ukilala wanajua umechacha, petroli ikilala miezi na miezi wanaiona mpya. Ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka hupotea yenyewe, kinabaki kitu kizito chenye harufu ya vanishi. Kikifika kwenye kabureta kinakauka kama gundi ndani ya vitundu vya jeti, na vile vitundu ni vyembamba, hata sindano ya cherehani haipiti. Halafu tanki likiwa na mafuta kidogo, sehemu iliyobaki ni hewa, na hewa ya Dar mnaijua, ina maji. Maji yanatua kwenye bati, bati linashika kutu, kutu inalala chini ya tanki kama mchanga chini ya mtungi. Gari likiwashwa hapo hapo uani linakunywa kidogo kidogo na mchanga hautikisiki. Likipanda mlima linataka kunywa kwa pupa, ndipo kutu inapojaa kwenye chujio na injini inakata. Ukikaa pembeni ukapunga upepo, kutu inarudi chini, gari linawaka tena, na mwenye gari anasema ni jini.

Haya nilifundishwa na Fundi Ngoda, Temeke, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Petroli ya namna hiyo aliiita kiporo. Alichovya kitambaa cheupe, akatunusisha mmoja mmoja, na asiyejua kutofautisha kiporo na mbichi hakugusa kabureta siku hiyo, alifagia. Alikuwa akitukataza kunyonya petroli kwa mdomo na mpira, huku yeye mwenyewe akinyonya kila siku. Kuna mara alimeza funda zima mbele ya mteja, akajifanya anapiga mwayo. Mchana kutwa alicheua petroli, na sisi tukamzuia asisogelee jiko la mama ntilie. Tulicheka sana. Mimi nilicheka nikiwa nimesimama mbali.

Ngoda ndiye aliyenionyesha habari ya kifuniko cha tanki. Kililetwa kigari kutoka Wazo, mwenyewe mwalimu wa shule, mtu nadhifu kupita kiasi. Kinatoka nyumbani, kinafika barabara kuu, kinazima. Ngoda hakufungua boneti. Alienda nyuma, akainamisha sikio, akafungua kifuniko, tanki likavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka majini. Mwalimu alikuwa amekivika kifuniko mfuko wa nailoni na kukifunga kwa raba ili vumbi la barabarani lisiingie. Hewa nayo haikuingia. Pampu inavuta mafuta, nyuma yake hakuna hewa ya kujaza nafasi, mwisho inashindwa. Ngoda alimrudishia mwalimu nailoni yake mkononi na kumwambia akafungie mkate. Magari ya namna hii mara nyingi hayauliwi na wanaoyapuuza, yanauliwa na wanaoyapenda.

Nafika sasa kwa Bi Zuwena. Habari yake hadi leo ikinijia nikiwa nakula naweka kijiko chini.

Bi Zuwena ni mjane wa marehemu Mzee Nassor, Waarabu wa siku nyingi pale Mwananyamala, wenye duka la vyombo. Mzee aliacha salooni ya Kifaransa ya rangi ya maziwa, zile ambazo wazee wenu wanakumbuka zikibeba mabwana shauri na wakuu wa wilaya. Binti zake wote waliondoka nyumbani maharusi ndani ya gari hilo, yeye mwenyewe kwenye usukani. Alibaki Nasra, mjukuu aliyemlea tangu mchanga, na Mzee hakuwahi kuiona siku yake. Nasra alipochumbiwa alisema neno moja tu: hatoki nyumba ile ndani ya gari lingine. Bwana harusi ni wa Kibamba. Basi mimi, mstaafu, nikapigiwa simu na Faridi, kaka yake Nasra.

"Shikamoo mzee wangu. Gari la babu linawaka freshi tu, ila tukilitoa linazingua."

"Mnaliwashaga lini?"

"Kila Alhamisi, mzee. Bibi hakosi. Nawasha mie, likishapata joto bibi anakuja na chetezo chake, analifukiza udi, tunafunga milango. Anafukuza uvundo."

Sikulishika lile neno la chetezo. Nilisikia udi, nikaona ni mambo yao, maana hata nyumbani kwangu udi haukauki. Nilienda, nikafungua mlango, nikapigwa na harufu ya udi iliyoganda kwenye viti mpaka ukadhani umeingia chumba cha mzazi. Ilikuwa harufu nzuri, na pua yangu niliyoisomesha miaka yote kwa Ngoda ikalala usingizi.

Tukalitoa na Faridi kwenda kulijaribu, Barabara ya Morogoro, kuelekea huko huko Kibamba ambako arusi itaenda. Kabla ya Mbezi likaanza kukohoa. Mlima ule wa mbele likazima. Tukasukuma pembeni, tukakaa, likawaka. Likazima tena, likawaka tena. Mpaka hapo sina wasiwasi, kutu na kiporo, naijua dawa. Joto likatufanya tushushe vioo vyote. Upepo ukapita, udi ukatoka, na nyuma ya udi nikaipata petroli. Nilimwambia Faridi azime gari na ashuke.

"Kuna nini, mzee?"

"Shuka kwanza, tutaongea ukiwa chini."

Nikafungua boneti. Mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta ulikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi, unatoa jasho la petroli, na chini yake ni eksozi ya moto. Nikasimama pale kando ya barabara, malori yanapita, nikawaza Alhamisi. Nikawaza mama mtu mzima anaingiza makaa mekundu ndani ya gari linalovuja na kufunga milango. Ule uvundo aliokuwa akiufukuza ndio uliokuwa ukimwonya. Nikakaa kwenye jiwe, na Faridi akadhani nimepatwa na sukari akaenda kuninunulia soda.

Tuliporudi sikutuma mtu. Nilimwambia Bi Zuwena mwenyewe, pale barazani, kwa heshima zote.

"Shikamoo bi mkubwa. Naomba usilifukize tena hili gari. Lina mpira unavuja petroli, na petroli na makaa ni moto."

"Marahaba, fundi. Unavuja kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi nimekuelewa. Utengeneze, mwanangu, ana siku yake yule mtoto."

Nikatengeneza. Nilimwaga kiporo chote kwenye dumu, nikashusha tanki na kulitikisa na kokoto na maji ya sabuni mpaka likatema kutu ya rangi ya chai. Nikakausha siku kadhaa juani. Kabureta nikaifungua mezani, jeti nikazipuliza kwa upepo, msizichokonoe kwa waya, tundu likipanuka kidogo tu umeliharibu. Chujio jipya, mipira ya mbele yote mipya na klipu zake. Nikaongeza chujio la pili la plastiki, lile la kuona ndani, ili uchafu nikiuona nijue. Hii ni kazi ya raha, na kwa muda wasiwasi ulinitoka.

Ukarudi nilipofika kwenye buti. Nyuma ya ubao wa buti kuna mpira mnene wenye kona, unaounganisha mdomo wa kujazia mafuta na tanki lenyewe. Ule ulikuwa mkavu, lakini ulikuwa mzee kama gari. Mafuta yakiwa nusu hayaufikii, kwa hiyo hauvuji wala haukuonyi. Nilizunguka maduka ya spea Gerezani, nikazunguka Ilala, hakuna aliyekuwa nao. Muuzaji mmoja alinishauri nikate mpira wa maji wa bustani. Msifanye hivyo hata siku moja. Petroli inaulainisha mpira wa maji kama mkate kwenye chai, na tope lake linarudi tankini. Basi nikauacha wa zamani, nikamwita Faridi mbele ya bibi yake.

"Nusu tanki. Isivuke. Kwenda Kibamba na kurudi inatosha na kubaki. Mpira ukipatikana tutabadilisha, ndipo ujaze utakavyo."

"Nusu tu. Nimekusoma, mzee."

Tukalijaribu tena mpaka Kibamba. Lilipanda milima yote likiimba. Nikamwambia Bi Zuwena gari lake limepona, akanishukuru mpaka nikaona aibu. Nilirudi nyumbani Temeke na kuanza kuhesabu nilichosahau. Mke wangu alinitazama nikigeuzageuza wali sahanini, akaniambia, "Wewe si umealikwa? Si uende ukakae na hilo gari lako, utatuua kwa presha."

Siku ya arusi nikavaa kanzu, nikaenda mapema. Gari lilikuwa limetolewa uani, limeoshwa, limefungwa utepe na maua mekundu. Nikajitafutia kiti cha plastiki karibu nalo. Wageni walinisalimia, wakanitania kwamba fundi amekuja kuoa gari. Niliinama kuchungulia uvunguni, kukavu. Nikakaa. Nikainama tena. Mara Faridi akatokea na funguo, amevaa kanzu na koti, akasema anaenda kulizungusha kidogo lipate joto. Nikamwambia sawa, nikamsikiliza anavyotoka, injini imetulia. Alichelewa kidogo. Aliporudi aliegesha pale pale, mgongo wa gari ukielekea mlango wa nyumba, akashuka anang'aa.

"Mzee, leo siku ya sista. Nimepita sheli nimelijaza mpaka mdomoni. Bibi harusi hapandi gari la nusu tanki bwana, watatusema."

Niliangalia chini ya buti, vumbi la pale lilikuwa limeanza kubadilika rangi, doa dogo, halafu si dogo. Na kabla sijasimama sawasawa vigelegele vikalipuka mlangoni. Wanawake wakatoka wamejipanga pande mbili, Nasra bado yuko ndani, na mbele yao Bi Zuwena na chetezo mkononi, makaa yamekolea, moshi wa udi unapanda. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi unamsubiri.

Nilisema, "Bi Zuwena, subiri." Haikusikika. Nilisema tena kwa nguvu zaidi, akanitabasamia akidhani nampa hongera, akaendelea kuja. Kwa akili yake hakuwa na kosa. Nilimwambia asifukize kwa sababu linavuja, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia limepona.

Hapo ndipo nilipomfokea. Nilimfokea mwanamke aliyenizidi umri, siku ya arusi ya mjukuu wake, mbele ya wakwe. "Wewe mama, simama hapo hapo! Rudi nyuma na huo moto!" Sauti ilinitoka ambayo sikujua ninayo. Vigelegele vikakatika. Yeye akasimama kweli, lakini alikuwa ameshafika kwenye mlango wa gari, na makaa ni makaa. Nikamfikia, nikakishika chetezo chenyewe, si kishikio chake, tumboni pale penye moto, nikamnyang'anya na kukimbia nacho nje ya geti mpaka kwenye mtaro wenye maji. Kilipozama kilitoa mlio, na ndipo nilipousikia mkono wangu.

Mjomba mmoja wa Nasra alinishika shingo ya kanzu. "Wewe mzee una wazimu? Unamdhalilisha mama wa watu?" Nikamwonyesha gari kwa kidole. Faridi alikuwa ameshafungua buti. Aliinua zulia, likawa linachuruzika. Harufu ikatoka mpaka waliokuwa barabarani wakashika pua. Mjomba akaniachia kanzu, akaanza kuwarudisha watoto nyuma. Nikawazuia vijana wasiguse swichi, nikawaambia wakate waya wa betri kwa uangalifu na walisukume gari nje uwanjani, mbali na majiko ya pilau. Faridi alisukuma analia. Alikuwa amejaza mapenzi yake yote mle tankini.

Basi mafuta yakatolewa, buti likapanguswa, milango yote ikafunguliwa. Muda wa kuondoka ukawa unapita, wa Kibamba wanapiga simu. Nasra akatoka mwenyewe mpaka uwanjani na shela lake, akasimama mbele yangu.

"Shikamoo babu. Nikipanda sasa hivi ni salama?"

Vijana, hakuna chombo mtakachochomeka kikawajibia swali hilo. Mafuta yaliyobaki tankini yalikuwa chini ya ule mpira. Buti lilikuwa linakauka. Watu mia wananitazama, na ningesema ndiyo, pengine wangefika wakala keki. Nilimtazama yule mtoto usoni.

"Hapana, mama. Sijui, na kama sijui, jibu ni hapana."

Alilia. Halafu akapangusa macho kwa uangalifu asiharibu wanja, akaenda kupanda gari la mjomba wake, gari la kawaida la kukodi lenye utepe uliofungwa haraka haraka. Msafara ukaondoka na honi zake. Ile salooni ya rangi ya maziwa ikabaki uwanjani milango wazi, na maua yake.

Nilikaa barazani, mkono nimeutumbukiza kwenye beseni la maji. Nilijua nimeharibu arusi. Nilikuwa nimeokoa watu, ndiyo, lakini moyoni nilijiona mtu aliyevunja kitu kwenye nyumba ya watu. Bi Zuwena hakuwa amepanda magari. Wakamsihi, akakataa, akasema atafuata. Akaja akakaa kwenye mkeka karibu na kiti changu. Nikaanza kumwomba radhi.

"Bi mkubwa, nisamehe. Nimekufokea mbele za watu."

Akautazama mkono wangu.

"Marehemu alikuwaga ananikataza hicho chetezo," akasema. "Nisikisogeze kwenye gari lake. Akiniona nacho ananifokea mpaka majirani wanasikia. Mie nikasema huyu mzee ana wivu tu, hataki gari lake linukie."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Alipokufa, fundi, nyumba hii ikawa kimya. Watoto wananiheshimu, kila mtu bibi, bibi, polepole. Hakuna anayenipandishia sauti. Basi nikawa nalifukiza. Kila Alhamisi nakaa pale ndani na moshi wangu, namwambia, haya sasa, si ulikuwa hutaki? Njoo unifokee."

Alichukua ncha ya mtandio akajifuta.

"Leo nimefokewa," akasema, akaingia ndani kunitafutia dawa ya mkono.